Mchaichai wa dawa usiupande kwenye njia ya salfa

Kuanzia mwezi wa sita, mashine za kupulizia zikishaanza kunguruma huku Mtwara, yaani Newala, Tandahimba na Masasi, unga wa manjano wa salfa hautui kwenye mikorosho peke yake. Unatua pia kwenye mchaichai wa pembeni ya shamba, ule ule ambao jioni mama atauchuma amchemshie mtoto mwenye mafua. Hili linanisumbua kuliko jambo lolote katika utunzaji wa mmea huu.

Salfa ni kinga nzuri ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, lakini si kitu cha kunywa. Shika jani la mchaichai ulitazame: katikati lina mfereji unaoshuka mpaka pale majani yanapokumbatiana kuwa shina. Unga hutiririka humo na kujificha, na kusuuza kwa maji kidogo hakuufikii. Dawa za maji ni za kuogopwa zaidi, maana zikikauka huzioni.

Basi chagua mahali mapema. Msimu wa kupulizia upepo unaovuma ni kusi, kwa hiyo panda upande wa kusini mashariki mwa mikorosho, mbali kadiri eneo linavyoruhusu, na uangalie na mikorosho ya jirani. Usiupande karibu na choo. Kama kiwanja ni kidogo na mikorosho imekuzunguka, vuna na ukaushe akiba yako mwezi wa tano, kabla salfa haijaanza. Kupuliza kukiisha, fyeka shina lote, majani hayo yatupe, kisha subiri machipukizi mapya.

Kupanda si kazi. Mvua zikishika, Desemba au Januari, pasua shina kubwa upate vichipukizi vyenye mizizi, punguza majani yake, kisha uvipande kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60 pamoja na samadi iliyooza. Kichanga chetu hakituamishi maji, na mchaichai unapenda hivyo, ila wiki za mwanzo usiuache ukauke. Uvunaji wa kwanza ni baada ya miezi minne hadi sita. Kata kwa kisu kikali, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Ukikata chini zaidi, shina huchelewa kuchipua. Vaa mikono mirefu, kingo za majani zinachana ngozi.

Kausha kivulini, juu ya kichanja au mkeka safi penye hewa. Juani majani hupauka na mafuta yenye harufu hupotea, na ndiyo unayoyatafuta. Yakivunjika kwa sauti ukiyakunja, yamekauka. Yafungie kwenye chombo kikavu. Ukiona ukungu, yatupe yote.

Matumizi wazee wametuachia mengi: chai yake kwa mafua na kikohozi, kwa tumbo lililojaa gesi, na ya jioni kwa anayekosa usingizi. Kwenye nyungu huchanganywa na majani ya mpera, mwembe au mkaratusi, mgonjwa akajifunika shuka. Chai ya kawaida haina tatizo kwa watu wengi, na mimi naipenda kuliko majani ya dukani. Lakini mjamzito asinywe iliyokolea sana, na anayetumia dawa za presha au kisukari amuulize mhudumu wa afya kabla ya kuifanya dozi ya kila siku. Mtoto mdogo usimfunike kwenye nyungu kabisa. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka huunguza.

Na homa, tafadhali, usiitibu kwa mchaichai. Huku kwetu malaria ipo, na mtoto mwenye homa anatakiwa kupimwa siku hiyo hiyo kwenye zahanati. Chai anaweza kuinywa akisharudi, pamoja na dawa aliyoandikiwa.