Namna ya kubishana kuhusu Hasheem Thabeet mkaelewana

Wikiendi nakaa mezani kwenye mechi za kikapu hapa Mwanza: naandika pointi, naandika faulo, naangalia saa. Siku za kazi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kote huko nakutana na ubishi uleule. Hasheem Thabeet alipotoka chuo akaingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alikua kimchezo au hakukua? Wa upande huu wanasema alibebwa na urefu. Wa upande ule wanasema Wamarekani walimbania. Sauti wanazo wote, utaratibu hawana. Na mimi naona Mtanzania wa kwanza kucheza NBA anastahili kujadiliwa na watu waliojiandaa. Basi nieleze ninavyofanya.

Kabla hamjaanza, kubalianeni mnabishania nini. Hapa pana maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: alistahili kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu? La pili: baada ya kuchaguliwa, aliongeza nini kwenye mchezo wake? Ukiyachanganya, dakika ya tatu tu mtu atakutajia Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa NBA, na mjadala umekufa hapohapo. Ni kweli Curry alikuwa kwenye drafti ile. Blake Griffin alitoka wa kwanza, Thabeet wa pili akaenda Memphis Grizzlies, James Harden wa tatu, Curry wa saba. Lakini mkumbushe mwenzako kwamba timu ya Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua magadi wawili (wachezaji wepesi wa kuongoza mpira, kama Curry mwenyewe), Ricky Rubio na Jonny Flynn, Curry akabaki palepale. Kosa la kumwacha Curry lina wenyewe wengi. Tena mchezaji hajichagui. Timu ndiyo inayosimama na kutaja jina, na lawama ya namba mbili iende kwa waliolitaja. Swali hilo liwekeni pembeni, mtalirudia siku nyingine. La kukua ndilo lenye nyama.

Anzeni alikotoka. Huyu hakulelewa na kikapu tangu utotoni. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaushika mpira huu akiwa kijana wa miaka kama 15, akapita sekondari ya Makongo, akaenda kumalizia sekondari Houston, Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Alicheza misimu mitatu pale. Msimu wa mwisho, 2008–09, alikuwa na wastani kwa mechi wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 10.8 na bloku (mitupo aliyoizuia) 4.2, timu ikafika nusu fainali ya taifa. Misimu miwili mfululizo alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East. Yaani kwa miaka kama sita tu alitoka kutoujua mchezo akawa mtu anayeogopwa chini ya kikapu chuoni. Anayesema hakuwahi kukua aanze kwa kulijibu hilo.

Halafu itazameni mechi moja pamoja, kwa utulivu. Mimi huwa nachagua ile ya tarehe 16 Februari 2009 dhidi ya Pittsburgh, siku yake ya kuzaliwa. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, mtu mfupi kuliko yeye kwa zaidi ya nusu futi lakini mnene wa mapaja. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Vipande vyake mnaweza kuvitazama kwenye simu, bando lake si kubwa, ila vitazameni mara mbili. Mara ya kwanza fuateni mpira kama kawaida. Mara ya pili usiuangalie mpira kabisa. Tangu mpira unapotoka mkononi mwa mpigaji, angalia miguu ya masenta wawili, yaani warefu wanaocheza chini ya kikapu. Utaona mmoja anapanua nyayo, anashusha makalio, anamsukuma mwenzake kwa nyonga kabla mpira haujagusa chuma. Wa pili amesimama wima akinyoosha mikono, anautegemea urefu. Mpira ukidunda, aliyeshusha makalio ndiye mwenye nafasi.

Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo Malimbe na anacheza senta. Nilimsimamisha kiwanja cha Mirongo hapa mjini, nikamwambia rafiki yake mfupi amwegemee kwa mgongo huku magoti yamekunjwa. Alirudishwa nyuma hatua mbili bila faulo yoyote. Akaniambia, "Shangazi, kumbe urefu wangu unaanzia juu sana." Kwa hiyo mkimjadili Thabeet, semeni miguu kwanza. Udhaifu uliomsumbua NBA ulionekana akiwa bado chuoni, na walioangalia miguu waliuona.

Sasa sheria. Wabishi wengi wanadhani kikapu ni kikapu, ukiweza hapa utaweza kule. Wakati ule chuoni mechi ilikuwa dakika 40 na timu ina sekunde 35 za kushambulia, wakati NBA ni dakika 48 na sekunde 24. Mstatili ule wa chini ya kikapu chuoni una upana wa mita 3.66, NBA ni mita 4.88. Kubwa kuliko yote ni hili: NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi haruhusiwi kukaa ndani ya mstatili zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu anayemkaba. Chuoni ruksa. Sheria za kimataifa tunazochezea sisi hapa pia zinamruhusu mlinzi kukaa. Senta wetu pale Mirongo anaweza kusimama chini ya kikapu jioni nzima kama askari wa zamu, hakuna refa atakayepuliza.

Kama mnataka kulielewa hilo kwa mwili, lijaribuni. Mchukueni mrefu wenu, mwambieni alinde kikapu, na mtu mmoja ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu." Kila ikifika tatu atoke nje ya mstari kisha arudi. Muda si mrefu mrefu wenu atakuwa anahema, na mtu wa pembeni atakuwa amepita kwenye mlango ambao hapo awali haukuwepo. Hivyo ndivyo kazi ya Thabeet ilivyobadilika kati ya Aprili na Oktoba 2009. Chuoni alilipwa sifa kwa kusubiri. Kule alitakiwa kutoka, kurudi, kuteleza kwa miguu kumfuata gadi mwepesi, halafu awahi ribaundi. Anayesema Wamarekani walimbania aeleze pia hili, kwa sababu hakuna kocha aliyelitunga kwa ajili yake.

Tuje kwenye hesabu, na hapa msiharakishe. Mtu atakuambia, "Chuo pointi 13, NBA pointi 3, ameporomoka." Hiyo hesabu haijakamilika, maana dakika hazilingani. Chukua wastani wake, gawanya kwa dakika alizocheza, zidisha kwa 36. Unapata picha ya kila mtu akiwa amecheza muda sawa. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Connecticut msimu wa mwisho alikuwa anacheza kama dakika 32. Ukiifanya hesabu hiyo unapata pointi 15, ribaundi 12, bloku karibu 5. Msimu wake wa kwanza Memphis alicheza dakika 13 kwa mechi, akapata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Kwa dakika 36 hiyo ni kama pointi 8 na nusu, ribaundi 10, bloku 3.6. Ona sasa. Bloku zilipungua kiasi, ribaundi zilipungua kidogo, pointi ndizo zilizoanguka karibu nusu. Mikono ya kuzuia alivuka nayo. Kushambulia ndiko kulikokwama. Ubishi wote unabadilika hapo, kwa sababu sasa mnajua mnazungumzia kitu gani cha mchezo wake, hamzungumzii tena kama alikuwa "mzuri" au "mbovu".

Usiishie hapo. Kuteremka mwaka wa kwanza karibu kila anayetoka chuo kunampata. Kukua kunatafutwa katikati ya mwaka wa kwanza na wa nne. Msimu wa 2012–13 alikuwa Oklahoma City Thunder, alicheza mechi 66, dakika zisizofika 12 kwa mechi, na wastani wa pointi 2.4, ribaundi 3.0, bloku 0.9. Kwa dakika 36: pointi 7 na ushee, ribaundi 9, bloku chini ya 3. Vyote vitatu viko chini ya alivyoanza. Mimi nampenda yule kijana na namba hizi zinaniuma kila nikizipiga, lakini nikiulizwa kama alikua ndani ya NBA, hizi ndizo ninazoziweka mezani. Upande wa "hakukua" una karata nzito hapa, na upande wa pili usijifanye hauioni.

Tahadhari moja ya mtu wa mezani: hesabu ya dakika 36 inampendelea mwenye faulo nyingi. Mrefu ambaye miguu inachelewa huishia kupiga mkono. Nimeandika karatasi nyingi ambazo senta ana faulo tatu kabla ya mapumziko. Mtu wa namna hiyo kiwanjani hafiki dakika 36, hata karatasi ikisema vipi. Kwa hiyo akikutajia bloku, muulize na faulo.

Baada ya hapo ulizeni nani alikuwa mbele yake, maana huku ndiko upande wa "walimbania" unapata nguvu yake halali. Memphis ya 2009–10 ilikuwa na Marc Gasol aliyecheza karibu dakika 36 na Zach Randolph aliyecheza karibu 38. Nafasi mbili za warefu zina jumla ya dakika 96. Toa hizo, zinabaki kama 22 kwa wengine wote. Yeye alipata 13, zaidi ya nusu ya mabaki. Kwa msimu huo, kusema alinyimwa ni kumwonea kocha. Msimu wa pili ndio wa kuulizia: dakika zilishuka hadi kama 8, na Februari 2011 akauzwa Houston, ambako hadi anaondoka hakufikisha mechi kumi. Machi 2012 akawa Portland, kisha Oklahoma City. Timu nne ndani ya miaka mitatu na ushee, kila moja na kocha wake na namna yake ya kukaba. Aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 alihitaji mwalimu mmoja wa miguu kwa muda mrefu. Hakumpata.

Kuna jambo la kupelekwa D-League, ligi ya kukuzia wachezaji, Februari 2010. Watu hulitaja kama fedheha, kwa vile hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa kabla yake. Mimi sikubali. Mtazameni Pascal Siakam wa Kamerun, naye aliyeanza kikapu amechelewa. Toronto walimchagua wa 27 mwaka 2016, wakamshusha ligi hiyohiyo, akawa mchezaji bora wa fainali yake 2017. Msimu wa kwanza NBA alikuwa na pointi 4.2 kwa dakika 15.6, na kufika 2018–19 alikuwa na 16.9 kwa dakika 32. Kwa dakika 36 ametoka chini ya 10 hadi 19, na mwaka huo Toronto wakachukua ubingwa. Hesabu ya mtu aliyekua inasomeka hivyo. Thabeet kule Dakota Wizards, timu ya D-League aliyopelekwa, alikaa mechi chache tu akarudishwa kukaa benchi.

Kuhusu adabu, nitasema kidogo. Ukikuta wazee kwenye kijiwe cha kahawa, shikamoo kwanza, na usimkatize mzee anayesema kijana alituletea heshima, kwa sababu ni kweli, alituletea. Msikilize amalize, kisha mwombe ruhusa umwonyeshe hesabu. Na mtu akikuambia unamchukia Mtanzania mwenzako, usijibu hasira. Mwambie baada ya NBA alikwenda kucheza Yokohama, Japani, kisha Taiwan, akiwa amevuka miaka 30, na kwamba asiyeupenda mchezo asingefunga viatu tena huko mbali. Hapo atajua unamheshimu, na mtaendelea.

Mimi na yule mtoto wa kaka yangu tumefika mbali lakini tumekwama kwa moja. Mimi nasema Memphis wangemwacha Dakota msimu mzima, dakika 30 kila mechi, afundishwe kushusha makalio, na huenda mwaka wa nne tungekuwa na namba nyingine. Yeye anasema, "Shangazi, timu haimchagui mtu wa pili ili ikamwangalie kwenye ligi ndogo, mashabiki wangeandamana." Nikamwambia aniletee senta mwingine wa chuo aliyechaguliwa juu, akawekwa benchi mwaka wa kwanza, na hata hivyo namba zake za dakika 36 zikapanda mwaka wa nne. Akimpata nitabadilisha msimamo. Jumapili hii anakuja na daftari.