Barua ya DWP ikifika: mafao, rufaa na madeni ya malipo yaliyozidi kwa Waafrika Mashariki walioko Uingereza

Wengi wetu tumekulia katika nchi ambazo barua yenye mhuri wa serikali ndiyo neno la mwisho. Ukiipata unaomba radhi, unatafuta mtu wa kukuombea, au unakaa kimya ukitumaini itasahaulika. Uingereza tabia hiyo inagharimu. Kila uamuzi wa DWP, yaani Idara ya Kazi na Pensheni, hufanywa chini ya sheria iliyoandikwa, maofisa wake hukosea, na kuupinga uamuzi ni bure. Lakini kuna muda maalumu wa kufanya hivyo, na muda ndio unaowaponza watu wetu kuliko sheria yenyewe. Barua ikifika, au ujumbe ukiingia kwenye akaunti yako, ufungue siku hiyohiyo, angalia tarehe ya uamuzi, kisha hesabu mwezi mmoja kwenda mbele. Siku hiyo iandike mahali utakapoiona.

Kabla ya kuomba

Anza na viza. Kama viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, ambalo wenyewe huliita "no recourse to public funds", usiombe Universal Credit wala Child Benefit, yaani posho ya watoto. Kuomba kunavunja masharti ya viza, na jambo hilo linaweza kukurudia siku unapoomba kuongezewa muda. Hata hivyo sharti hilo haligusi kila kitu. Malipo yanayotokana na michango yako ya National Insurance (bima ya taifa), kama New Style Jobseeker's Allowance ya aliyepoteza kazi na pensheni ya serikali, hayamo kwenye orodha ya fedha za umma. Vivyo hivyo Maternity Allowance (posho ya uzazi) na malipo ya ugonjwa anayolipa mwajiri. Inauma kumwona muuguzi au mhudumu wa nyumba ya wazee akijinyima stahili aliyoichangia kwa kudhani kila kinachotoka serikalini ni marufuku kwake. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi au ukaazi wa kudumu kwa kawaida yuko huru kuomba. Na mwenye viza ya familia aliyefika mahali hana chakula wala makazi anaweza kuiomba Home Office, wizara ya mambo ya ndani, imwondolee sharti hilo. Hapo usijaribu peke yako, tafuta mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Universal Credit, ambayo nitaiita UC, ndiyo fao kubwa kwa wenye kipato kidogo walio chini ya umri wa pensheni. Malipo ya kwanza huja baada ya wiki 5 hivi tangu kuomba: mwezi mmoja wa tathmini, halafu siku hadi 7. Ukiishiwa kabla ya hapo unaweza kuomba malipo ya awali. Fahamu kwamba huo ni mkopo, na utakatwa kidogokidogo kwa muda wa hadi miezi 24.

Kiwanja cha nyumbani na safari ya msibani

Mambo mawili huwaingiza watu wetu kwenye madeni kuliko mengine, na yote mawili yanatokana na kuwa na miguu miwili, mmoja huku na mmoja kwetu.

La kwanza ni mali. Fomu ya UC inauliza kuhusu akiba na mali, na swali hilo halina mpaka. Kiwanja cha Kibaha, nyumba ya kupangisha Kitengela, fedha za M-Pesa, vyote vinahesabiwa. Ukiwa na chini ya pauni 6,000 haina shida. Ukizidi pauni 16,000 hupati UC kwa kawaida. Katikati ya hapo, kila pauni 250 au sehemu yake iliyozidi 6,000 huhesabiwa kama kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi. Tuseme una kiwanja ambacho kingeuzwa kwa thamani ya pauni 10,000 na huna akiba nyingine. Wanatoa asilimia 10 kwa ajili ya gharama za kuuza, zinabaki 9,000. Zilizozidi ni 3,000, ambazo zina mafungu 12 ya 250. Mara 4.35, unakatwa pauni 52.20 kila mwezi. Fedha hizo zinauma, lakini bado unapata UC. Asiyekitaja kiwanja hicho kwa miaka mitatu atadaiwa malipo yaliyozidi ya muda huo wote siku kitakapojulikana, na ataulizwa kwa nini alificha.

Kuna nafuu ambayo wachache wanaijua. Nyumba anayoishi mzazi wako, kaka au dada yako, au mtoto wako inaweza kuachwa nje ya hesabu ikiwa ndugu huyo amefikia umri wa pensheni kwa sheria za Uingereza au hali yake ya afya haimruhusu kufanya kazi. Kwa hiyo nyumba uliyomjengea mama, itaje, na eleza anayeishi humo ni nani na ana umri gani. Usiifiche kwa hofu.

Jihadhari pia na kugawa fedha. Ukitoa akiba yako kwa ndugu ili ushuke chini ya kiwango na upate mafao, DWP itakuhesabia kana kwamba bado unazo. Mchango wa matibabu au ada uliotoa kwa nia safi unaweza kuutetea, mradi uwe na ushahidi: risiti ya shule, karatasi ya hospitali, ujumbe wa kuombwa. Na kama wewe ndiye mweka hazina wa chama, fedha za wenzako zisipite kwenye akaunti yako binafsi. Wakati wa kukagua UC huwa wanaomba taarifa za benki za miezi 4, na ofisa anayeziona pauni 5,000 zikiingia hajui kwamba ni za kikundi.

La pili ni safari. UC huendelea ukiwa nje ya nchi kwa muda mfupi usiozidi mwezi mmoja. Ikiwa safari inatokana na kifo cha ndugu wa karibu, muda unaweza kuongezwa mwezi mwingine ikiwa si rahisi kurudi. Ukienda kwa matibabu yanayokubalika, ni hadi miezi 6. Child Benefit huruhusu wiki 8 kwa kawaida, na fao la ulemavu la PIP huruhusu wiki 13. Tangaza safari kabla ya kupanda ndege, na uandike kwenye jarida (journal) la akaunti yako ya UC, yaani ukurasa wa ujumbe, ili maneno yako yabaki na tarehe. Msiba hausubiri, ninajua. Lakini ujumbe wa mistari miwili unaandikika hata ukiwa uwanja wa ndege.

Ushahidi wa kurudi nao ni muhimu. Mwaka 2025 idara ya kodi, HMRC, ilisimamisha Child Benefit za familia zaidi ya 23,000 kwa kutegemea kumbukumbu za safari zilizoonyesha kwamba wazazi walitoka bila kurudi. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi, na HMRC ikalazimika kuomba radhi. Tiketi ya kurudi na pasi ya kupandia ndege zitunze.

Kupinga uamuzi

Hatua ya kwanza huitwa mandatory reconsideration: unaomba DWP yenyewe ipitie upya uamuzi wake. Una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi. Ukichelewa kwa sababu ya maana, ugonjwa kwa mfano, omba hata hivyo na ueleze. Mwisho kabisa ni miezi 13. Kupiga simu kunatosha kisheria, ila mimi nakushauri uandike. Barua nzuri ni fupi. Inataja tarehe ya uamuzi, inasema ni sehemu gani huikubali, inaeleza ukweli ulivyo na inaambatanisha ushahidi. "Mmesema niliishi na mwenza tangu Machi. Anayetajwa ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, na alikaa kwangu wiki 3 akitafuta chumba. Naambatanisha mkataba wake wa kupanga." Hivyo tu. Malalamiko ya jumla kuhusu ubaguzi au ukali wa maofisa, hata yawe ya kweli, hayambadilishii ofisa hesabu.

DWP haina kikomo cha siku cha kujibu. Wakikataa, watakutumia notisi ya matokeo, na tangu tarehe ya notisi hiyo una mwezi mmoja mwingine wa kukata rufaa kwenye First-tier Tribunal, baraza la rufaa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo hawapaswi kabisa. Baraza hili halimo ndani ya DWP. Rufaa za PIP zinazosikilizwa, kwa miaka mingi sasa, zaidi ya nusu huamuliwa kwa faida ya mdai. Hulipi chochote, na ukishindwa hubebeshwi gharama za upande wa pili.

Ukiulizwa kama unataka kusikilizwa au kesi iamuliwe kwa karatasi, chagua kusikilizwa. Anayekusikia ukieleza jinsi unavyopanda ngazi anaelewa kitu ambacho fomu haikusema. DWP hupewa siku 28 kujibu rufaa, kisha unapokea bunda la karatasi lenye namba za kurasa. Lisome lote ukiwa na kalamu. Makosa mara nyingi yamo humo: tarehe isiyo sahihi, jina la dawa lililokosewa, maelezo ya mpimaji kwamba ulitembea mita 200 ilhali ulipimwa kwa simu. Chumba chenyewe hakina kizimba; ni meza, jaji upande mmoja, na katika kesi za PIP kuna daktari na mjuzi wa masuala ya ulemavu pembeni yake. Omba mkalimani mapema, hulipi. Usimpeleke mtoto wako akakutafsirie habari za ugonjwa wako, wala jirani mwenye huruma anayefupisha maneno.

Wanaposema walikulipa zaidi

Barua ya deni ina maswali mawili ndani yake, na ni vizuri kuyatenganisha: je, ni kweli nililipwa zaidi, na je, ni lazima nirudishe? La kwanza unaweza kulipinga kwa njia ileile ya kupitia upya na rufaa. Omba mchanganuo wa hesabu mwezi kwa mwezi kabla ya kukubali kiasi chochote. La pili ni gumu zaidi. Kwa UC, sheria ya mwaka 2012 inairuhusu DWP kudai fedha hata pale kosa lilipokuwa lao. Huo ndio ukweli, na kwa maoni yangu ni sheria kali mno kwa mtu aliyesema kila kitu. Kilichobaki ni kuomba deni lifutwe kwa huruma, kwa kuonyesha linavyoathiri afya yako na watoto, na kwamba uliamini ulichoambiwa. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa DWP wa kukataa kumfutia deni mdai ambaye DWP yenyewe ilimhakikishia kwamba fedha zile ni stahili yake. Ndiyo maana usifute ujumbe wowote kwenye jarida la UC.

Wakianza kukata, tangu Aprili 2025 makato ya jumla kwenye UC kwa kawaida hayapaswi kuzidi asilimia 15 ya posho ya msingi. Bado yakikuzidi, piga simu kitengo cha madeni uombe yapunguzwe. Ukinyamaza na una kazi, DWP inaweza kumwagiza mwajiri akate mshahara bila kupita mahakamani.

Wanaopokea Carer's Allowance kwa kumtunza mgonjwa angalau saa 35 kwa wiki, tafadhali someni hapa mara mbili. Tangu Aprili 2025 kikomo cha mapato ya kazi kilikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya kodi na makato, na kila Aprili kiangalieni upya. Ukizidi kwa pauni moja unapoteza fao lote la wiki hiyo. Wengi wetu hufanya zamu zinazopandashuka. Ripoti ya Novemba 2025 ya Liz Sayce, aliyeombwa na serikali kuchunguza madeni ya Carer's Allowance, ilionyesha kwamba mwongozo wa DWP wa kukadiria wastani wa mapato kama hayo ulikuwa na kasoro, na serikali ikakubali kupitia upya madeni yaliyotokana nao. Aliyewahi kudaiwa, hata kama ameshalipa, aulize kama kesi yake inahusika.

Ukiitwa kwenye mahojiano chini ya onyo, hapo suala limeingia kwenye jinai. Usiende bila wakili, na usitie saini adhabu mbadala, yaani kulipa fedha badala ya kushtakiwa, ili mambo yaishe haraka kabla hajaiona.

Walioko Scotland wana mfumo wao kwa mafao ya ulemavu na ya walezi, chini ya Social Security Scotland: siku 42 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha siku 31 za kukata rufaa. England na Wales anzia Citizens Advice au kituo cha sheria cha eneo lako, ambako ushauri hautozwi. Nenda na barua yenyewe pamoja na bahasha yake, hati za mshahara na taarifa za benki. Kama umebakiwa na siku chache tu, tuma kwanza ombi la kupitiwa upya, hata la sentensi mbili, na sema ushahidi unafuata.