Namna ya Kumshawishi Mzee Akaguliwe Saratani ya Ngozi
Usianze na neno saratani, kwa kuwa mwanamume aliyevuka miaka 50 mara nyingi hulisikia kama hukumu. Anza na mgongo wake, mahali asipoweza kupaona mwenyewe na ambapo melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, huwatokea wanaume mara kwa mara. Mwombe umtazame penye mwanga wa kutosha, ukitafuta doa lenye kingo zisizo sawa, rangi mchanganyiko, upana unaozidi milimita 6 au, dalili iliyo nzito kuliko zote, linalobadilika. Kwa mwenye ngozi nyeusi, kagua pia nyayo, viganja na chini ya kucha. Akikubali, mwekee miadi na umsindikize, ukimweleza kwamba daktari huitazama ngozi tu, na kwamba kipande kidogo hukatwa, kwa ganzi, pale tu doa linapotiliwa shaka.