Somo: Tinti ya gari inakaa muda gani, na namna ya kuitunza (wa Arusha na Moshi)

Wakuu, karatasi za tinti hazifanani, kwa hiyo kwanza jua umebandikiwa ipi. Ya rangi tupu, ile ya bei ya chini, hukaa miaka 2 hadi 5. Jua likishavunja rangi yake inageuka zambarau. Ya kaboni hufika miaka 5 hadi 10. Ya seramiki ikibandikwa vizuri huvuka 10. Ya metali nayo hudumu, ila inaweza kusumbua mawimbi ya simu na redio.

Giza si kipimo cha ubora. Namba ya tinti ni asilimia ya mwanga unaopita, yaani 5 ni giza totoro na 50 ni nyepesi. Seramiki ya 50 inaweza kuzuia joto kuliko karatasi ya rangi ya 5. Na baridi ya Arusha isiwadanganye: mji uko juu, kama mita 1,400, na mionzi ya urujuanimno ni mikali hata siku ya mawingu.

Hatua ya 1: Usishushe vioo. Gundi hushika kadiri maji ya kubandikia yanavyokauka. Moshi kwenye jua la Januari, siku 3 hadi 5 zinatosha. Arusha mwezi wa Juni au Julai, subiri wiki nzima. Bandika utepe juu ya swichi za vioo, maana abiria hasikii. Ukungu na vipovu vidogo vya maji ni kawaida. Usivikamue kwa kidole wala kadi.

Hatua ya 2: Ndani usiguse siku 30. Nje osha tu, karatasi iko upande wa ndani.

Hatua ya 3: Namna ya kusafisha. Maji lita 1, sabuni ya maji ya vyombo nusu kijiko cha chai, na vitambaa viwili laini vya maikrofaiba. Pulizia kitambaa, si kioo, kwa sababu maji yakijipenyeza ukingoni yanainua karatasi. Futa kutoka juu kwenda chini, kingo ziwe mwisho na kwa mkono mwepesi, kisha kausha kwa kitambaa cha pili. Gazeti, dodoki na brashi ngumu viache. Dawa ya vioo yenye amonia inakausha karatasi na kudhoofisha gundi. Vijana wa kuosha magari wengi hutumia chupa moja ndani na nje, kwa hiyo mwambie kabla hajaanza, au nenda na chupa yako.

Hatua ya 4: Ukanda wa mlangoni. Hapa ndipo tinti nyingi za huku zinapofia, na watu humlaumu fundi. Pale kioo kinapozama mlangoni kuna ukanda wenye manyoya. Vumbi la barabara za ndani linajaa humo, na kila ukishusha kioo, mchanga unachora mistari ya wima. Mistari hiyo haifutiki. Kiangazi, kila wiki 2, kioo kikiwa juu, pitisha brashi laini kavu au mashine ya kunyonya vumbi kwenye ukanda wa ndani. Halafu shusha kioo taratibu, ufute ukanda wote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipake mafuta wala grisi, vinakamata vumbi zaidi. Ukitoka njia ya vumbi, usishushe kioo kabla ya kusafisha.

Karatasi iliyogeuka zambarau, iliyochanika au iliyovimba mapovu ya hewa haitengenezeki. Kutoboa povu kwa sindano ni kuongeza tundu tu. Bandua, weka mpya.

MASWALI

Swali: Mkuu, Harrier yangu ilitoka Japani na vioo vyeusi nyuma. Na hiyo itaisha?

Jibu: Haiishi, rangi hiyo imo ndani ya kioo chenyewe. Shusha kioo cha mlango wa nyuma kidogo uangalie ukingo wa juu: karatasi huonyesha mstari inapoishia, kioo cha kiwandani hakina. Ila weusi huo hauzuii joto sana. Ukiongeza karatasi, zidisha: kioo cha 20 na karatasi ya 35 vinakupa 7. Usiku utarudi nyuma kwa kubahatisha, heri seramiki nyepesi.

Swali: Nataka kubandua ya zamani kioo cha nyuma, kile chenye nyaya za kuondoa ukungu. Wembe unafaa?

Jibu: Hapana ndugu, wembe unakata nyaya. Lowanisha karatasi kwa maji ya sabuni, ifunike na nailoni nyeusi, egesha juani saa 1 hadi 2. Anzia kona, vuta polepole kufuata nyaya zinakoelekea, si kuzikatiza. Gundi inayobaki iloweshe kwa maji ya moto ya sabuni, uisugue kwa kitambaa. Karatasi ikikatika vipande vipande, tafuta fundi mwenye mashine ya mvuke.

Swali: Wiki ya pili sasa, kuna vidoti. Nirudi kwa fundi au nisubiri?

Jibu: Dada, viangalie kwa tochi. Vya maji hupungua siku hadi siku. Chenye chembe katikati ni vumbi lililonaswa wakati wa kubandika, hicho hakiondoki. Vikiwa vingi mbele ya macho ya dereva, mrudie fundi sasa hivi abadilishe karatasi ya kioo hicho.