Somo: Kupiga vipande vya taharuki usiku kwa simu

Naandika mara moja ili niwe naelekeza watu hapa. Swali ni lile lile: "Mbona trela yetu ya usiku imejaa chenga?" Kwa sababu mnapiga gizani kweli. Giza la filamu hutengenezwa kwa taa.

1. Futa lenzi. Simu ikae kwenye stendi.

2. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60 chini ya taa ya tyubu, picha hupata michirizi.

3. Mwangaza. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Simu ikiachwa ijipimie yenyewe, ikiona giza inapandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga): ukuta mweusi unakuwa kijivu, chenga zinajaa, na tochi ikiingia tu picha nzima inafifia ghafla. Washa taa kwanza, moja, nyuma au ubavuni mwa mhusika, ipenye kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Ndipo ubonyeze kwenye skrini, usoni pake, bila kuachia mpaka mwanga na fokasi vijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo. Kama programu yako ina mpangilio wa mkono, ISO isizidi 800. ANGALIZO: ukifunga mwanga kabla ya kuwasha taa, uso unaungua mweupe, na kwenye kuhariri haurudi.

4. Nje, piga jua likishazama. Huku kwetu una kama dakika 20, kwa hiyo mazoezi yaishe mapema.

5. Rekodi ukimya wa chumba, sekunde 30.

MASWALI

– Mkuu, chenga zinafutwaje kwenye kuhariri?
Soma namba 3.

– Nimesoma, ila simu yangu ina megapikseli 108.
Megapikseli haziwashi taa. Namba 3.

– Ukimya wa chumba wa nini, na muziki upo?
Swali zuri. Muziki wa trela hukatwa ghafla kabla ya mshtuko. Pale pakibaki patupu kabisa, mtu anadhani spika imezima. Weka sauti ya chumba kwa chini, halafu hatua moja ya mguu. Hatua irekodi peke yake: soli ngumu, sakafu ya saruji, mchanga kidogo, simu karibu na kiatu.

– Na mlango unaolia? Wetu umetiwa grisi.
Tafuta kiti cha mbao kilicholegea. Kikalie taratibu, simu iwe chini yake.

– Naongezea: feni izimwe, na simu zote ziwe hali ya ndege.
Na friji. Ila mkumbuke kuiwasha, nyumba ni ya watu.