Msitu wa kijiji ni wa mkutano mkuu, sio wa kamati

Vijiji vingi vikishatenga msitu na kuchagua kamati ya maliasili, watu wanarudi mashambani wakijua kazi imeisha. Hapo ndo shida inapoanzia. Kwa hapa Tanzania Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji mamlaka juu ya msitu ulioko kwenye ardhi yake, na kijiji sio mwenyekiti na wenzake watatu jamani, ni mkutano mkuu, yani kila mkazi mtu mzima. Kamati inaandaa mpango na sheria ndogo, serikali ya kijiji inapitia, mkutano mkuu unapitisha, alafu zinaenda halmashauri ya wilaya. Hiyo ya mwisho msiiruke, maana mkimkamata mtu na magogo kwa sheria ndogo ambayo haijapitishwa wilayani, mahakamani anachomoka.

Kule Babati, msitu wa Duru-Haitemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, wananchi wakagoma, mwisho vijiji vyenyewe vikauchukua, kila kimoja na eneo lake, walinzi wake na sheria zake. Mi naona iliwezekana sababu waliotunga sheria ndo haohao wanaoutumia msitu.

Kwahiyo kabla ya mkutano kaeni pembeni na kila kundi: wachoma mkaa, wafugaji, wafuga nyuki, na hasa kina mama wa kuni, maana mkutanoni wanakaa nyuma kabisa na wanaume ndo wanaongea. Waulizeni kuni kavu wanaokota upande gani na miezi gani. Mkiandika tu "marufuku kuingia msituni" wataingia usiku, ila mkiandika kuni zilizoanguka ruksa, siku mbili kwa wiki, bila panga wala shoka, mama mwenyewe atakuja kuwaambia kaona mtu na msumeno.

Mpaka wa msitu utembeeni na wazee wa kijiji chenu na wa kijiji jirani, pakeni rangi kwenye miti, muhtasari usainiwe pande zote siku hiyohiyo.

Na hela, jamani hela! Faini ikatwe risiti, mapato na matumizi yasomwe kila mkutano wa miezi mitatu na yabandikwe ofisini. Kamati isiyosoma hesabu mkutano una haki ya kuitoa, tena itoeni mapema kabla kiangazi na moto havijaingia.