Kuuingiza mchezo wako itch.io na Steam ukiwa Kigoma: mambo yanayorudisha maombi nyuma

Mchezo wangu wa kwanza wa kompyuta, unaohusu wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa usiku wa giza katika Ziwa Tanganyika na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, ulirudishwa mara tatu na duka ambalo sitalitaja. Sina ugomvi na duka hilo, kwa sababu makosa yote matatu yalikuwa yangu. Jina la akaunti yangu ya benki halikulingana na jina la kwenye maombi. Mchezo haukufunguka kwenye kompyuta ya mkaguzi. Na ukurasa wangu ulidai kwamba sauti ni za Kiingereza, ilhali nahodha wangu anazungumza Kiswahili cha Ujiji tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata mara moja niliyoambiwa kwamba mchezo haupendezi. Tangu wakati huo nimekaa na vijana kadhaa hapa Mwanga, mjini Kigoma, kuwasaidia kupeleka michezo yao, na karibu kila aliyekataliwa alikataliwa kwa mambo ya aina hiyohiyo. Mkaguzi hapimi utamu wa mchezo. Analinganisha ulichoandika na ulichopakia, na jina lako la hapa na jina lako la pale. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya kwanza: amua duka la kuanzia

itch.io na Steam ni maduka ya mtandaoni ya kuuzia michezo ya kompyuta. itch.io haitozi ada ya kuweka mchezo, na wewe mwenyewe ndiye unayepanga asilimia itakayobaki kwa duka. Usipoigusa inabaki asilimia 10. Steam hutoza dola 100 za Marekani kwa kila mchezo, na huchukua asilimia 30 ya mauzo. Ada hiyo hurudishwa mchezo unapofikisha mapato ya dola 1,000. Google Play, duka la programu na michezo ya simu za Android, hutoza dola 25 mara moja tu kwa akaunti nzima.

Ushauri wangu ni kuanza na itch.io hata kama shabaha yako ni Steam, kwa kuwa utafanya makosa ya bure kabla ya kufanya makosa ya kulipia. Aidha, ukikutana na maelezo ya zamani yanayokufundisha kutafuta kura za wachezaji ili Steam ikupokee, yaache. Utaratibu wa kura ulifungwa mwaka 2017 na nafasi yake ikachukuliwa na huu wa kulipa ada na kukaguliwa.

Hatua ya pili: jina moja kila mahali

Hii ndiyo hatua inayoonekana nyepesi na ndiyo inayokwamisha watu wengi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya kufungua ukurasa wowote wa usajili, weka mezani vitu vitatu: kitambulisho chako cha NIDA, cheti chako cha namba ya mlipakodi kutoka TRA, na taarifa ya benki iliyochapishwa tawini. Soma jina lako kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Kwangu mimi kitambulisho kilikuwa na majina matatu kamili, ilhali benki ilikuwa imeandika jina langu la ukoo kwanza, kisha jina langu, na jina la kati likiwa herufi moja yenye nukta. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo unaolinganisha maandishi, hao ni watu wawili. Nilikwenda tawini, nikajaza fomu ya kurekebisha taarifa, nikasubiri, kisha ndipo nikaanza maombi upya. Ni afadhali uende tawini kwanza.

Ukiwa unafanya kazi peke yako, jaza jina lako halisi katika nafasi ya jina la kisheria, hata kama umesajili jina la biashara BRELA, yaani kwa wakala wa usajili wa biashara. Jina la biashara halimfanyi mtu kuwa kampuni, na malipo yatakwama ikiwa akaunti ya benki ni ya kwako binafsi huku maombi yakiwa ya jina la studio. Jina la studio lina nafasi yake: utaliandika baadaye kwenye ukurasa wa mchezo kama jina la mtengenezaji, na ndilo wanunuzi watakaloliona.

Baada ya jina hufuata maswali ya kodi ya Marekani. Mtu binafsi asiye Mmarekani huishia kwenye fomu ya W-8BEN, ambamo namba yako ya TRA yenye tarakimu 9 huandikwa kama namba ya mlipakodi ya nchi yako. Utaulizwa pia kuhusu mkataba wa kodi. Tanzania haina mkataba wa namna hiyo na Marekani, kwa hiyo usidai nafuu yoyote hapo, hata kama uliona video ya mtu wa nchi nyingine akiidai. Matokeo yake ni kwamba asilimia 30 ya fungu lako hukatwa kwa mauzo yaliyofanyika Marekani pekee. Tuseme mchezo wa dola 5 umenunuliwa huko kupitia Steam: duka linachukua dola 1.50, inabaki 3.50, kodi inachukua 1.05, na kwako inafika dola 2.45 kabla ya makato ya benki. Mnunuzi akiwa nchi nyingine, kodi hiyo ya Marekani haigusi fungu lako.

Kwa upande wa benki, uliza tawini msimbo wa SWIFT, yaani utambulisho wa benki katika malipo ya kimataifa, na uhakikishe kwamba akaunti yako inaweza kupokea fedha kutoka nje ya nchi. Steam haitumi chochote mpaka fungu lako lifike dola 100, kwa hiyo usishangae mwezi wa kwanza ukipita kimya.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huniuliza, nayo ni kuazima akaunti ya rafiki aliyekwisha kusajiliwa. Siishauri kabisa. Mchezo utakuwa wake kisheria, fedha zitaingia kwake, na akaunti yake ikifungwa kwa kosa lisilokuhusu, mchezo wako utaondoka nayo.

Hatua ya tatu: jaribu kwanza itch.io

Ikiwa mchezo wako unaweza kuchezwa ndani ya kivinjari, funga faili zote katika zipu moja (faili la .zip) ambayo faili la index.html liko juu kabisa, si ndani ya folda nyingine. Baada ya kufunguliwa, zipu hiyo isizidi faili 1,000 wala megabaiti 500. Angalia pia herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Windows huhesabu Taa.png na taa.png kuwa kitu kimoja, lakini seva ya duka huviona kuwa viwili, na ndiyo sababu mchezo unaokwenda vizuri kwako unaweza kuonyesha skrini nyeusi ukishaupakia.

Lalamiko la kawaida hapa ni kwamba ukurasa upo na kiungo kinafunguka, lakini mchezo hauonekani mtu akiutafuta kwa jina. Hakikisha kwamba ukurasa umewekwa wazi kwa umma, una faili la mchezo, una picha ya jalada na una lebo zinazouelezea. Ikiwa yote yapo, fahamu kwamba kurasa mpya zinaweza kusubiri kupitiwa kabla ya kuingia kwenye utafutaji. Subiri. Kufuta ukurasa na kuuanzisha upya hakuharakishi kitu. Kunakurudisha mwisho wa foleni.

Hatua ya nne: lipa ada ya Steam mapema, kisha hesabu siku

Kadi yangu ya benki ilikuwa imefungwa kwa malipo ya mtandaoni, na niligundua hivyo wakati wa kulipa. Piga simu benki kabla. Ukishalipa, huruhusiwi kuuachia mchezo mpaka zipite siku 30. Ndani ya muda huo, au baada yake, ukurasa wa kutangaza kwamba mchezo unakuja ni lazima ukae hadharani kwa angalau wiki 2. Ukurasa wenyewe hukaguliwa kabla ya kuonekana, na toleo la mchezo hukaguliwa peke yake; kila ukaguzi kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 5 za kazi. Kwa hiyo mtu anayelipa ada leo akitarajia kuuza wiki ijayo amekosea hesabu, na hakuna barua itakayomfupishia muda.

Siku za kazi zinazohesabiwa ni za Marekani ya magharibi, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea majira. Ombi linalotumwa kutoka Kigoma Ijumaa usiku linawakuta Ijumaa mchana, na kwa vitendo linasomwa Jumatatu yao.

Hatua ya tano: ukurasa usidai kisichokuwepo

Picha za bango za Steam zina vipimo visivyojadiliwa: ya kichwa ni pikseli 920 kwa 430, ndogo ni 462 kwa 174, kubwa ni 1232 kwa 706, na ya maktaba ya mchezaji ni 600 kwa 900. Ndani yake ruhusa ni mchoro wa mchezo, jina lake na jina dogo rasmi kama lipo. Tangu mwaka 2022 hairuhusiwi kuweka maneno ya sifa, nembo za tuzo wala tangazo la punguzo la bei. Ile ndogo itengeneze kivyake. Ukiipunguza tu ile kubwa, jina la mchezo litageuka kuwa michirizi.

Picha za skrini ziwe angalau 5, zenye pikseli 1920 kwa 1080, na zote ziwe za mchezo wenyewe unapochezwa. Mchoro mzuri wa mtumbwi alioufanya rafiki yako si picha ya skrini.

Sehemu inayohitaji unyenyekevu ni ile ya kutia alama za vipengele. Jedwali la lugha lina safu tatu, yaani maandishi ya mchezo, sauti kamili, na maandishi ya chini ya sauti. Mimi nilitia alama zote tatu kwenye mstari wa Kiingereza kwa sababu nilidhani ukurasa uliojaa unavutia, nikarudishwa. Vivyo hivyo kwa kidhibiti cha mkononi: usipokuwa nacho, na hujawahi kuucheza mchezo wako kwa kutumia kifaa hicho tangu menyu hadi mwisho, acha kisanduku kitupu, unaweza kurudi kukijaza siku yoyote. Ikiwa ulitumia akili unde kutengeneza picha, sauti au maandishi yanayofika kwa mchezaji, iseme katika dodoso la maudhui.

Hatua ya sita: toleo linalofunguka kwenye kompyuta isiyo yako

Kompyuta ya mtengenezaji ni shahidi asiyeaminika, kwa sababu imekwisha kusakinishwa kila kitu ambacho mchezo unahitaji. Chukua mchezo kwenye flashi, nenda duka la stesheneri lenye kompyuta ya kuchapia barua, omba dakika kumi na ulipe kama unavyolipia kurasa. Nilipofanya hivyo karibu na soko la Mwanga, kompyuta ilidai faili la .dll la Microsoft Visual C++ ambalo kwangu lilikuwepo tangu siku nilipoweka programu ya kutengenezea michezo. Hilo ndilo lililokuwa limemzuia mkaguzi. Tiba yake ilikuwa kutia alama moja kwenye orodha ya viambatisho vya kusakinishwa pamoja na mchezo.

Kisha angalia njia ya kufungulia. Steam huuliza jina la faili la kuanzishia mchezo, na ukiandika Wavuvi.exe wakati faili liko ndani ya folda nyingine, kitufe cha kucheza hakitafanya chochote. Ukishabadilisha mpangilio wowote wa namna hii, ni lazima uuchapishe. Mpangilio uliohifadhiwa bila kuchapishwa hauonekani kwa mkaguzi. Nimewahi kukaa na kijana siku nzima tukitafuta hitilafu ambayo hatimaye ilikuwa hiyo tu.

Kuhusu bando: mfumo wa kupakia wa Steam hukata faili katika vipande vya takriban megabaiti 1, na unapotuma toleo jipya hutuma vipande vilivyobadilika pekee. Nafuu hiyo hupotea ikiwa mchezo wako umefungwa kwenye faili moja kubwa lililobanwa, kwa sababu badiliko dogo hupangua kila kitu. Gawanya rasilimali zako katika mafaili kadhaa, sauti kwake na picha kwake, na kurekebisha kosa la tahajia hakutakugharimu tena bando la usiku mzima.

Hatua ya saba: tuma, na ukirudishwa jibu kwa kipengele

Barua ya kurudishwa huja na orodha ya mambo. Usiandike maelezo marefu ya jinsi ulivyohangaika na umeme. Nakili kila jambo, andika chini yake ulichobadilisha na mahali kinapoonekana, kisha tuma upya. Kama mkaguzi ameshindwa kuona kitu ambacho kipo, mweleze njia: „Anza mchezo mpya, pita usiku wa kwanza, kisha bonyeza M ili kufungua ramani ya ziwa.” Mkaguzi wangu alipopata maelezo ya aina hiyo hakuuliza tena.

Kwa wenye michezo ya simu

Google Play ina kikwazo chake. Akaunti mpya ya mtu binafsi haipewi ruhusa ya kutoa mchezo kwa umma mpaka wajaribuji wasiopungua 12 wawe wamejiunga na jaribio la faragha kwa siku 14 mfululizo. Awali walikuwa 20. Neno la kushika ni mfululizo. Ukiwa na watu 12 kamili na mmoja akajiondoa siku ya 9, hesabu inaharibika. Tafuta 18 au zaidi, wenye barua pepe zao wenyewe na simu za Android zenye nafasi, na usitegemee kundi la watu wanaobadilishana majaribio wasiofahamiana. Kati ya wajaribuji wangu, wawili walikuwa wavuvi wa Kibirizi, na kwa jinsi walivyocheka namna taa zangu zilivyofungwa kwenye mtumbwi, nilibadilisha mchoro kabla ya siku ya tatu.

Siku ya kuachia

Kukubaliwa hakuuweki mchezo sokoni. Kwenye Steam kitufe cha kuachia unakibonyeza mwenyewe. Panga iwe saa ambazo wahusika wa duka wako kazini, yaani kwetu jioni hadi usiku, ili ukikwama upate wa kumwandikia. Chaji kompyuta, weka simu nyingine yenye laini ya mtandao tofauti pembeni, bonyeza, kisha fungua ukurasa wako kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwa akaunti yako, uone kama bei na kitufe cha kununua vimetokea.